P Iliyoongezwa Tumbo

Mabango ya siku hizi hayanuki. Kwa sisi tuliokulia kando ya laini ya malori yanayosubiri kuvuka mpaka Malaba, hilo si jambo dogo. Zamani jina likiandikwa mahali ulilinusa kabla ya kulisoma: rangi ya mafuta, thina, na ile petroli ambayo fundi alioshea brashi zake ndani ya kopo la maziwa. Ulijua kwamba mtu amepita hapo asubuhi na mkono wake. Sasa jina hutoka kwenye mashine likiwa limeshakauka, likapandishwa juu ya mlango kwa misumari minne, na unaweza kupita chini yake mwezi mzima usilione.

Ndiyo maana niliipita ile B mara nyingi kabla ya kuiona.

Nilikuwa nimerudi Busia kutoka Sio Port, ambako nilianika omena, dagaa wa ziwani, mpaka nikachoka, kama ninavyochoka na kila kazi punde tu ninapoijua vizuri. Mvua ilinikuta barabarani nikajikinga kwenye kibaraza cha duka la chipsi. Nilipoinua macho kuangalia kama mawingu yanapasuka, nikasoma BAHATI CHIPSI NA KUKU. Kwanza nilifurahi. Zilikuwa herufi nene, zenye miguu mipana kama za meza, na kila moja ilikuwa na kivuli upande wa kushoto. Herufi za malori! Nilidhani zilikufa pamoja na mafundi wake. Ndipo macho yakarudi kwenye B.

Tumbo lake la juu lilikuwa sawa. Tumbo la chini lilikuwa limeshuka, limelegea, limevuka mstari ambao wenzake walisimama juu yake. Na kivuli kilichofuata herufi vizuri kutoka juu kilifika kwenye tumbo hilo kikakoma. Tumbo halikuwa na kivuli.

Nilitoka kwenye mvua. Ng'ambo ya barabara palikuwa na BUCHA, B ileile. Hatua chache mbele palikuwa na kinyozi aliyejiita BARAZA, B ileile. Duka la simu, duka la mbolea, stika kwenye kioo cha pikipiki. Mtu anaweza kutafuta kitu kimoja utoto wake wote, kisha siku moja akakikuta juu ya kila mlango. Sikujua nicheke au nikae chini kwenye tope. Nilikaa.

Papa alikuwa dereva. Namwita Papa kwa sababu ndivyo tunavyosema kwetu Bukhayo, na kwa sababu hilo ndilo nililomwita. Lori lilikuwa la tajiri mmoja ambaye hatukuwahi kumwona Malaba, na Papa alilipeleka Uganda na mbele ya Uganda, likiwa na chumvi au saruji au chochote kilichokuwa kinatakiwa huko. Kila aliposubiri kuvuka alilala kwetu. Tulikaa chumba kimoja nyuma ya laini, na mama aliuza uji wa wimbi kwa madereva, akitembea kutoka lori hadi lori na chupa yake kubwa ya chai na vikombe vya plastiki. Papa aliniita Kukhu, yaani nyanya, kwa kuwa nilipewa jina la mama yake. Akishuka kwenye lori alisema, "Kukhu, umeshinda vipi na wazee wenzako?" nami nilijibu kama mzee, mkono mgongoni, mpaka matanboi, wasaidizi wa madereva, wakacheka.

Siku moja tajiri alimruhusu kuandikisha jina kwenye ubao wa nyuma. Kila lori lenye heshima lilikuwa na neno nyuma. Papa aliegesha karibu na kibanda cha fundi Omuse, Mteso mwembamba kutoka upande wa Chakol, ambaye hakuwa na mpinzani katika kuandika malori. Mimi nilikuwa nimekaa juu ya gurudumu la akiba.

"Fundi," Papa akasema, "niandikie Paraka. Kupwa, ienee upao wote."

"Paraka," Omuse akarudia. "Ni jina ya kwenu?"

"Si ya kwetu peke yetu. Ni ya kila mtu. Ni ya Mungu."

"Ah. Ni kanisa."

"Haya, hata kanisani iko."

Omuse akatikisa kichwa, akatoa uzi uliopakwa chaki, akapiga mstari wa juu na mstari wa chini. Ninyi mnaojua jinsi sisi watu wa kwetu tunavyozungumza mnaelewa tayari kilichotokea. Gari kwetu ni kari, dawa ni tawa, na baraka ya Mungu ni paraka. Papa alisoma kidogo sana, aliweza kutambua jina lake na majina ya miji. Omuse naye alikuwa na sheria yake, ambayo niliisikia mara nyingi baadaye: "Mimi naandika vile mdomo ya mwenye lori umesema. Nikianza kusahihisha watu nitalala njaa."

Nilitazama neno likizaliwa. Alianza na mifupa kwa penseli, halafu akajaza nyekundu, halafu miguu, halafu mpaka mweupe mwembamba kuliko unywele. Alisema umbo hilo si lake, alilitoa kwenye kuta za maduka ya zamani ya Wahindi ambako majina yalichongwa kwenye saruji, naye akayapandisha kwenye malori yakaanza kutembea. Mwisho kabisa aliweka kivuli. Nilimuuliza kwa nini hakuanza nacho.

"Herufi bila kivuli imekufa," akasema bila kugeuka. "Iko tu, lakini haijasimama."

Nililichukua neno hilo kama lilivyo. Kwa muda mrefu niliangalia majina yote Malaba nikiyagawa mawili, yaliyo hai na yaliyokufa. Zahanati ilikuwa imekufa. Kituo cha polisi kilikuwa kimekufa. PARAKA lilikuwa hai kuliko yote, nyekundu, upana wa lori zima, na nilijifunza kusoma kwa kulifuata kwa kidole kila lilipokuja nyumbani. P nilijua ni ya Papa. Isingekuwa kitu kingine. Ilikuwa mbele, imesimama kwa mguu mmoja, kifua nje, kama yeye akiwa anaongea na watu wa forodha.

Shuleni mwalimu alituambia kila mmoja aandike ubaoni neno analolipenda. Wenzangu waliandika MAMA na CHAI. Mimi nilienda mbele nikaandika neno langu, tena na miguu yake, nikaanza hata kuweka kivuli.

"Paraka," mwalimu akasoma. "Huyo ni mnyama gani?"

Darasa likacheka. Nikasema, "Iko kwa lori ya Papa."

"Papa ni samaki. Samaki wa baharini, ana meno. Aliyekuzaa anaitwa baba. Na hili neno ni baraka." Akachukua chaki, akaongeza tumbo la pili chini ya P yangu, kwa mkono mmoja tu, haraka, kama mtu anayefunga kifungo. P ikawa B.

Mpaka jioni njia nzima waliniimbia, "Papa ni samaki! Papa ni samaki!" Sikulia kwa sababu ya samaki. Nililia kwa sababu nilikuwa nimeona jinsi lilivyo jambo dogo. Tumbo moja tu. Lori la Papa lilitembea nchi tatu likichekwa, na kilichokosekana kilikuwa tumbo moja.

Alipokuja nilimwambia yote. Alicheka mpaka akashika ukuta. "Kwa hiyo miaka yote natembea na njaa?"

"P ni B yenye njaa, Papa. Mwambie Omuse aishibishe."

"Mama yake," akamwita mama, "njoo usikie, Kukhu amesema kari letu lina njaa!"

Asubuhi laini ilikuwa imesimama. Nilichukua msumari nikamfuata nyuma ya lori, akaniinua mpaka usawa wa herufi, nikaanza kuchora tumbo kwenye mbao, kwa kukwaruza, ili Omuse ajue pa kupita. Nilianzia chini ya tumbo la juu, nikalizungusha nje vizuri. Lakini mikono yake ilianza kuchoka, au mimi nilikuwa nacheka, na lori la mbele likapiga honi kusonga, basi mkono wangu ukateleza na tumbo likaja chini kupita mstari. Lilining'inia kama la mama mjamzito.

"Limeharibika," nikasema.

"Halijaharipika. Limekula vizuri." Akanishusha. "Nikirudi tutampelekea Omuse alijaze rangi. Saa hii laini inatembea, Kukhu, wacha nivuke."

Akavuka. Niliona PARAKA ikipungua mpaka ikawa nyekundu tu, halafu hata nyekundu ikaisha.

Nitasema yaliyofuata kwa ufupi kwa sababu hata sasa sipendi kukaa ndani yake. Safari zake zilijulikana urefu. Hii ilipita urefu huo, ikapita tena. Simu yake ilijibiwa na yule mwanamke anayesema kwamba mteja hapatikani kwa sasa. Mama alimpigia mwanamke huyo kila jioni, akafika mahali pa kumjibu. "Dada, mwambie tu kwamba mtoto ana homa," nilimsikia akisema, na nilikuwa sina homa. Tajiri alituma neno kwamba lori limemharibikia huko mbele na dereva ameliacha na kwenda zake. Kwenda wapi, hakusema. Wanawake wa laini walimaliza hadithi kwa niaba yake. Walisema Papa amepata jiko lingine. Mmoja alisema Gulu, mwingine alisema mbele zaidi, na kila mmoja alikuwa na shemeji aliyemwona.

Mama aliendelea na uji, lakini sasa uji ulikuwa kisingizio. Nilitembea naye nikibeba vikombe. Alisimama kwenye kila dirisha.

"Boss, huko umetoka hujaona Paraka?"

"Paraka ndio nini, mama?"

"Lori. Imeandikwa nyuma."

"Ah, Baraka! Mama, Baraka ziko mpaka kule kona. Chagua moja uende nayo."

"Yangu ni ya P," mama alisema.

Walicheka, halafu walipomwona uso wakaacha kucheka, wakanunua uji ambao hawakuutaka.

Na ilikuwa kweli. Baraka zilijaa. Tangu madereva wamcheke Papa, kila mmoja alitaka neno lake hilohilo lakini sahihi, na Omuse aliwaandikia, nyekundu, nene, kivuli kushoto. Laini nzima ilikuwa familia moja ya herufi. Mtaniuliza, je, na lori lenyewe, je, na namba? Namba sikuwahi kuzijali na mama hakujua kusoma. Kichwa cha lori kilikuwa buluu kama vichwa vyote vya aina ile. Nilichokijua ni neno. Nilikuwa na herufi moja tu ya kumtambua baba yangu duniani.

Nikaacha shule. Hakuna aliyenitoa, nilianza kwa kuchelewa, halafu nikaenda nusu ya siku, halafu nikawa siendi. Nilikaa juu ya kalvati, ile saruji ya mtaro unaopita chini ya barabara, mahali ambapo malori yanayotoka Uganda huanza kushika kasi, nikawa natazama nyuma ya kila moja. Nilikuwa hodari. Sikusoma neno zima, sikuwa na nafasi hiyo. Niliangalia herufi ya kwanza. Ikiwa na matumbo mawili niliiacha ipite na kugeukia lori linalofuata. Nilikuwa na hofu kwamba nikipoteza muda kwa B, P itanipita. Kila siku nilimpitia Omuse.

"Mzee, Papa amekuletea lori uongeze tumbo?"

"Bado, mwanangu. Akija nitakuita. Nitaacha kazi ya mtu nikuite."

"Hutaliongeza kabla hujaniita?"

"Nitawekaje tumbo bila wewe? Wewe ndiye mwenye mchoro."

Aliweka brashi chini aliponiambia hivyo, na hakuwa mtu wa kuweka brashi chini. Mvuke wa thina ulikuwa umempanda machoni, au nilidhani ni thina.

Mvua za mwaka huo zilipoisha mama alifunga vyombo. Hakusema tunarudi nyumbani, alisema, "Miguu yangu imekataa laini." Nilishika mlango. Nilimuuma mkono. Nilimuuliza Papa akirudi atalala wapi, na akiuliza nimeshindaje nani atamjibu. Alinivuta mpaka kalvati, na hapo aliniachilia kidogo, nikachukua kaa la jiko kwenye mzigo wetu nikaandika PARAKA kwenye saruji, kubwa kadiri mkono wangu ulivyoweza, na kivuli chake. Mama alisubiri mpaka nikamaliza kivuli. Halafu tukaenda Bukhayo.

Hakuolewa tena wala hakumtaja. Akisikia breki za lori kubwa barabarani aliacha jembe hewani, kisha akalishusha taratibu kana kwamba ndivyo alivyokusudia. Kanisani, mwishoni, tulipoombewa baraka, midomo yake ilijifunga, na amina hiyo moja hakuiitikia mpaka alipokufa. Alikufa akiamini kwamba kulikuwa na nyumba nyingine. Mimi nilizunguka. Nimefua nguo za watu, nimepika kwa hoteli, nimekata miwa, nimelala kwenye miji ambayo majina yake nimeyasahau, na kila mahali nimesoma vibao, kila kibao, hata cha choo. Watu husema nina udadisi. Labda ndivyo unavyoitwa.

Siku ile ya mvua niliwauliza wa chipsi ni nani aliyewaandikia. Wakanionyesha saiba moja nyuma ya soko. Kijana aliyekuwa ndani alikuwa na kompyuta mbili na mashine ndefu ya kutoa mabango, na harufu ilikuwa ya plastiki ya moto.

"Dada, karibu. Unataka bango ama stika?"

"Nataka kujua hii B mlitoa wapi."

Akatabasamu kama mtu aliyeulizwa kuhusu mtoto wake. "Hiyo fonti ni yangu. Nimetengeneza mwenyewe. Nilizunguka na simu nikipiga picha mbao za lori za zamani, zile zimebaki. A nilitoa kwa yadi ya magari mabovu Malaba, R kwa lori imekufa huko stendi, hivyo hivyo. Sasa kila mtu anataka. Mpaka Bungoma wananipigia."

"Na B?"

"B ilinisumbua. B nzuri zote zilikuwa zimekwaruzwa. Hiyo nilipata Chakol, kwa banda ya kuku. Kitambo kidogo, nilikuwa ndio naanza."

"Mbona hukunyoosha tumbo?"

"Ati ninyooshe? Hiyo ndiyo inauza, dada. Ukinyoosha inakuwa kama ya kompyuta. Hivi inakaa kama mtu aliichora."

"Kijana," nikasema, "hilo tumbo ni langu."

Akaniangalia tumbo. "Pole dada. Uko na mimba?"

Nilicheka, na kicheko kikaenda mahali ambapo sikukituma. Alinivutia kiti. Akanitafutia ile picha kwenye kompyuta. B peke yake ilijaza kioo, nyekundu iliyopauka juu, na tumbo la chini lenye nyekundu ya namna nyingine, ya bei rahisi, limejazwa na mkono usiojua kazi.

"Baada ya B kulikuwa na nini?"

"Sikusoma, nilitaka B tu. A, nafikiri. Ilikuwa ndefu. Imejaza mlango wote."

Ndipo nilipoelewa, na ningetamani kutoelewa. Ubao ule ulirudi. Ulivuka mpaka ukaingia Malaba, kwa maana Chakol iko upande wetu. Na ulipita ukiwa umeshiba, ukiwa umeandikwa BARAKA kama malori mengine yote, kwa sababu kuna mtu, huko mbele, alitafuta kopo la rangi nyekundu akafuata mkwaruzo wa msumari wangu. Nilikuwa nimekaa juu ya kalvati. Nilitazama herufi ya kwanza, nikaona matumbo mawili, nikageuza shingo. Ninaweza kuwa nilifanya hivyo. Siwezi kujua. Nilikaa pale siku nzima kila siku nikitafuta Paraka moja, na baraka zote nikaziacha zipite.

Kijana aliniuliza kama anipe maji.

Kesho yake nilipanda pikipiki mpaka Chakol. Boma nililoelekezwa na kijana wa saiba lilikuwa la mama mmoja Mteso, mtu mzima, aliyekuwa akipepeta mtama uani huku mjukuu wake, msichana wa darasa la kwanza hivi, akiwafukuza kuku. Nilimwambia nimekuja kuona mlango wa banda lake. Hakushangaa sana.

"Hata mwingine alikuja na simu," akasema. "Hii mlango yangu iko na wageni kuliko mimi."

Ubao ulikuwa umekatwa kidogo pembeni ili utoshee. Jua na mvua zilikuwa zimeula tangu siku ya picha. Herufi za Omuse zilikuwa zimefifia lakini zilikuwepo zote, mpaka mweupe, miguu, kivuli. Alijua kazi yake. Lakini tumbo lililoongezwa lilikuwa limebanduka. Yule aliyelipaka hakusugua mbao, alipaka juu ya vumbi la safari, na rangi ya namna hiyo haikai. Yalibaki magamba machache mekundu ukingoni. Niligusa moja likaniangukia kiganjani. Chini yake, ndani ya mbao, mstari wangu ulikuwa pale, umeingia vizuri, unaning'inia. Nilipitisha kidole. Mahali mkono ulipoteleza, kidole kiliteleza.

"Mama, hii ubao mlitoa wapi?"

"Mzee wangu alinunua kwa yadi Malaba wakati tulikuwa tunajenga. Walikuwa wanauza bodi peke yake, bila kichwa."

"Dereva wake hakujulikana?"

"Dada, mbao iko na dereva?" Halafu akaniangalia vizuri, akaweka uteo chini. "Ulikuwa na mtu?"

"Nilikuwa naye."

Akanisogezea kigoda. Nilikaa mbele ya banda la kuku kama watu wanavyokaa mbele ya kaburi, na kwa kweli sikuwa na kaburi lingine. Labda ni Papa aliyelijaza tumbo lile, mahali fulani penye vumbi, akiwa na brashi ya kuazima, ili akishuka Malaba aniambie, "Kukhu, tazama, limekula." Labda ni dereva mwingine aliyerithi lori na kuchoka kuchekwa, akaona mkwaruzo na kuufuata. Kama ni Papa, basi alikuwa anarudi, na mama alinyima ile amina miaka yote bure. Kama si yeye, sina kitu, nina gamba la rangi. Niliuangalia ubao kwa namna zote mbili mpaka macho yakauma.

Mjukuu alikuja kusimama kando yangu kuona kile mgeni anachokiona. Alikuwa katika umri ule wa kusoma kila kitu kwa sauti. Akaweka kidole kwenye herufi ya kwanza, ambayo sasa ilikuwa na tumbo moja tu.

"Pa," akasoma. "Ra. Ka. Paraka."

"Baraka!" nyanya yake akamkemea kutoka uani. "Soma vizuri, wewe. Ni Baraka."

"Mwache, mama," nikasema. "Amesoma vizuri."